Mstari Uliokatika

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu kimetoka. Mkuu wa kitengo amekileta mezani kwangu amekishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. "Haya mama, kazi yako hiyo." Bado kinanuka wino. Ni mwongozo wa watu wanaoanza kuandika programu, wale ambao hawajawahi kuiamuru kompyuta kitu chochote. Amri zote ni za Kiswahili: andika, rudia, cheza, futa. Lugha yenyewe ya amri aliitengeneza mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Mabano kwa sababu hajawahi kusahau bano la kufungia, wala hajawahi kusahau kutukumbusha hilo. Mimi niliandika maelezo na mifano.

Mvua nayo imeanza. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunakaa naye, amejiandikisha kwenye darasa la alasiri, la kwanza kukitumia kitabu hicho. Amerudi amelowa chapachapa. Kitabu amekifunga kwenye mfuko wa plastiki, yeye mwenyewe hana hata mwavuli.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 8 Machi

Leo wifi ameifanya kompyuta icheze sauti. Alipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Niandike kwa nini anasoma, maana yeye ni msusi na kazi hana upungufu nayo. Mwaka jana madaktari walimpasua Baba, baba mkwe wangu, kuondoa uvimbe kooni, na sauti ikaondoka pamoja nao. Walituonya mapema. Kwa hiyo wiki nzima kabla ya kupasuliwa wifi alikaa naye akimrekodi: salamu, "leteni chai", "nimechoka", majina ya watoto na wajukuu wote, matusi madogo madogo ya gereji, maana maisha yake yote Baba ni fundi magari. Sasa wifi anataka kuandika programu: Baba abonyeze kitufe, na sauti yake mwenyewe iseme. Si sauti ya mashine, yake.

"Wifi," ameniambia, "ule mfano wako nimeunakili herufi kwa herufi, sijaongeza hata nukta. Ukafanya kazi! Na zile sauti za Baba zote nimeziweka kwenye folda ya sauti, kama ulivyosema kitabuni."

Baba alichukua ubao wake mdogo wa chaki anaouandikia siku hizi: "Lini nitaanza kugombeza watu?" Binti yangu alicheka mpaka pumzi ikamkwama. Baba alimwita Plagi tangu alipoanza kutambaa, kwa sababu, kama plagi ya injini, anawasha moto popote anapopita, na jina lake la kwenye cheti tumeshalisahau sote.

Nililala na furaha ya kijinga. Mtu wangu mwenyewe anasoma kitabu changu na anaelewa.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna jipya. Barabara ya kazini imejaa maji.

Jumapili, 16 Machi

Naandika mchana, mlango wa chumbani nimeufunga, nimesema kichwa kinauma.

Baada ya chakula wifi alikaa mezani na kompyuta. Baba alikuwa dirishani, Plagi chini ya meza. Zoezi la leo lilikuwa dogo: tengeneza folda ya majaribio ndani ya folda ya sauti, kisha ifute. Mfano sahihi ni mstari mmoja tu:

futa nyumbani/sauti/mazoezi

Lakini safu ya kitabu ni nyembamba. Kwenye ukurasa umechapwa hivi:

futa nyumbani/sauti/
mazoezi

Wifi aliandika mstari wa kwanza, akabonyeza kitufe cha kuingiza, kama nilivyomfundisha mwenyewe kwamba kila mstari ni amri na kila amri huishia kwa kitufe hicho. Kisha akaandika "mazoezi". Kompyuta ikajibu: Amri haijulikani. Akacheka. "Wifi, njoo uone, mashine yenu imenikataa." Nilikwenda nikasimama nyuma yake. Alikuwa ameshafungua mahali pa folda ya sauti, na folda haikuwepo.

Alitafuta kila pembe ya ile kompyuta. Baba alitutazama, kisha akaacha kutazama.

"Nimebonyeza nini mimi? Jamani, nimebonyeza nini?"

Nilikuwa naona kitabu kilivyofunguka pale mezani. Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Mwezi uliopita, kurasa za majaribio ziliporudi kutoka kiwanda cha uchapaji, Mabano aliweka kidole hapohapo akasema, "Huu mstari umekatika. Mtu atadhani ni amri mbili." Kuurekebisha kungesukuma kurasa zote za mbele, na mtambo ulikuwa unatusubiri. Nilimwambia, "Wataelewa." Onyo kwamba kinachofutwa hakirudi lipo, lakini lipo ukurasa wa pili, baada ya mfano. Na sura ya kuweka nakala ya akiba niliisukuma karibu na mwisho, nikiona itawachosha wanaoanza.

"Mimi ni mjinga," wifi alisema. "Mikono hii ni ya kusuka tu."

Nikasema, "Hapana, wifi. Pole."

Basi. Sikuongeza neno. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerekebisha mstari ule kwenye nakala iliyo ndani ya kompyuta ya ofisi. Kazi ya kufumba na kufumbua. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini. Mabano alikuwa anakula karanga, mkono wake karibu na wangu. Nilitaka kumwambia aje nyumbani aitazame ile mashine. Lakini angeuliza swali moja tu, nami nalijua hilo swali. Nitamwambia kesho.

Jumanne, 18 Machi

Sikumwambia.

Alhamisi, 20 Machi

Wifi hajaenda darasani wiki hii. Anasema saluni ina watu wengi. Mvua kama hii, nani anakwenda kusuka?

Wakati wa chakula mume wangu alishindwa kujizuia. "Dada, kitu kama kile unakiweka mahali pamoja tu? Huna hata nakala?"

"Sikujua."

"Hukujua! Mtu anasoma kompyuta, hajui!"

"Nimeshasema ni kosa langu," wifi akajibu. "Unataka nilie hapa mezani?"

Alinigeukia mimi mume wangu. "Mama Plagi, hebu mwambie. Wewe ndiye mtaalamu. Si jambo la kwanza wanalofundishwa?"

Nikasema chai inapoa.

Jumatatu, 24 Machi

Wifi ameitoa kompyuta chumbani kwake akaiweka sebuleni. "Ichukue, Plagi, utazame katuni zako. Kwangu haina kazi." Kwa kuwa mvua inawafungia watoto ndani, Plagi anatazama kutwa nzima, anapakua nyingine na nyingine.

Namhudumia wifi kupita kiasi. Leo nimempigia pasi gauni ambalo hakuniomba. Amenishukuru, na shukrani zake zimenichoma kuliko tusi.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua, na paa la jikoni linavuja. Nimeweka sufuria.

Jumamosi, 29 Machi

Mume wangu alimpigia simu Mabano bila kuniambia. Mabano aliingia leo saa tano, viatu mkononi kwa sababu ya tope, akamsalimia Baba kwa heshima zote, akakaa mbele ya kompyuta.

"Imetumika tangu siku ile?"

"Mimi natazama katuni kila siku!" Plagi akajibu kwa fahari.

Mabano akageuza kiti. "Kitu kikifutwa hakitoki palepale. Kinabaki, ila mahali pake panahesabika pako wazi. Ukiingiza vingine, vinakaa juu yake. Mngeniita siku ileile, huenda ningerudisha karibu vyote."

Mume wangu akamgeukia dada yake. "Kwa nini ulikaa kimya?"

"Sikujua kuna mtu wa kuitwa."

Mimi nilijua. Nakaa naye meza kwa meza, napewa karanga zake.

Mabano alihangaika muda mrefu. Vikaanza kutokea vipande: kikohozi, nusu ya kicheko, neno "karibu". Kisha sentensi moja nzima, safi kama vile Baba yuko mlangoni: "Subiri, bwana, gari si mbuzi, halitakimbia!" Plagi alitoka mbio kuja kusikiliza. Baba alishika mkono wa kiti chake.

"Na uliandika nini hasa?" Mabano akamwuliza wifi. "Ili nijue kilichofutwa kilianzia wapi."

Wifi alileta kitabu, akakifungua kwa aibu, kama mwanafunzi anayeonyesha daftari lenye makosa. "Niliandika hivi. Sijui nilikosea wapi."

Mabano aliinama. "Aa, si huu! Huu ndio ule mstari." Akanigeukia, anatabasamu hata. "Nilikuambia au sikukuambia?" Kisha akaniona uso, na tabasamu likamtoka.

Nilisikia matone kwenye sufuria ya jikoni.

"Alikuambia lini?" wifi akaniuliza.

"Kabla ya kuchapishwa."

"Na siku ile uliposimama nyuma yangu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Nilipokuwa najiita mjinga."

"Nilijua, wifi."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Mstari ningekusamehe hapahapa," alisema. "Mtu anakosea. Lakini umenitazama najidharau, siku baada ya siku, na wewe unanimiminia chai."

Baba aliinuka. Alikuwa ameandika kitu ubaoni, sikukiona. Aliulaza kifudifudi juu ya kiti, akaenda chumbani kwake.

Jumapili, 30 Machi

Mume wangu amesema jambo moja tu tangu jana: "Uliniacha nimgombeze."

Jumanne, 1 Aprili

Nimemweleza mkuu wa kitengo. Alisikiliza, akagongagonga kalamu.

"Tutaweka karatasi ya masahihisho kwenye toleo lijalo."

"Vitabu vilivyoko mikononi mwa watu je?"

"Ukienda kujitangaza, watu watasema kitabu kizima kibovu. Kaa kimya. Itapita."

Kukaa kimya naweza, tayari nimeshafanya, na nimeshaona kunakofika. Nilimwambia Alhamisi nitakwenda darasani. Akasema yeye hajanituma. Nikasema sawa, hukunituma.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilikwenda. Mwalimu wa darasa la alasiri, kijana mpole mwenye shati lililochanika mfukoni, alinipa chaki. Madawati mengi yalikuwa matupu. Nilichora ule mstari mara mbili ubaoni, kama unavyotakiwa kuwa na kama ulivyo kitabuni. Nikasema: mkiuandika kama ulivyo kitabuni mnafuta folda nzima, na kosa ni langu, niliambiwa mapema nikaupitisha.

Nilitegemea hasira. Dereva mmoja wa teksi, mtu mzima, aliuliza polepole, "Kwa hiyo haikuwa mimi?"

"Haikuwa wewe."

"Mimi nyimbo zangu zote zilikwenda. Nilimwambia mke wangu kompyuta ina virusi." Watu walicheka, yeye hakucheka. "Niliona haya kusema. Nilidhani wenzangu wote wameweza."

Nyuma yake mama mmoja mwenye miwani akainua mkono: naye. Kisha kijana wa duka la dawa: naye. Walikaa dawati kwa dawati kwa wiki kadhaa, kila mmoja ameficha ujinga ambao haukuwa wake.

"Na waliokuwa wanakaa hapa?" nikauliza, nikionyesha yale madawati matupu.

Mwalimu alikuna kichwa. "Waliacha kuja baada ya sura hiyo. Nilidhani ni mvua."

Wakaanza kunimwagia mengine. Zile nukta tatu ninazoweka kumaanisha "na kadhalika", mama wa miwani amekuwa akiziandika. Kile kishale cha mwanzo wa mstari, ambacho kompyuta hukionyesha yenyewe, karibu nusu ya darasa wamekuwa wakikipiga kwa mkono na kutukanwa na mashine. Mahali nilipoandika "jina_lako", dereva aliandika jina_lako, hivyohivyo, akashangaa kompyuta inamsalimia "Habari, jina_lako".

"Nikajua haina adabu," alisema.

Niliandika yote. Kila walichotaja nilikuwa nimekiona wazi wakati nakiandika. Kwangu kilikuwa wazi.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikuandika siku nyingi. Hakukuwa na la kuandika: nyumba ilikuwa kimya, na wifi aliniambia maneno matatu, moja likiwa "chumvi".

Leo nimemkuta ameirudisha kompyuta chumbani kwake. Plagi amenuna. Wifi anakusanya ujumbe wa sauti ambao Baba aliwatumia watu kwenye simu zamani, anaukata vipande. Nilisimama mlangoni nikauliza naweza kusaidia nini.

"Kompyuta usiniguse."

"Sawa."

Alifikiri, mgongo amenipa. "Nenda kwa wateja wake wa gereji. Wengine hawafuti ujumbe. Hiyo ni kazi ya miguu, utaiweza."

Jumatano, 16 Aprili

Kazi ya miguu. Tope mpaka magotini. Kila mlango naeleza nataka nini, na kila mlango naulizwa, "Kwani zile alizorekodiwa kabla ya kupasuliwa hazipo?" Halafu lazima nieleze. Mwenye lori la mchanga alinitazama kwa muda, akasema, "Dada, wewe una moyo," na sikujua kama ananisifu au ananisema. Alinipa ujumbe mmoja: Baba anauliza, "Mafuta umeangalia?"

Mke wa mwenye baiskeli za kukodisha alikuwa na ujumbe wa Baba akimpa pole ya msiba. Alisikiliza mwenyewe kwanza, akalia, akaniambia huo hautoi. Nilimwelewa.

Jumatatu, 21 Aprili

Mkuu wa kitengo amekubali toleo jipya, baada ya mwalimu wa darasa kwenda kumwona mwenyewe akiwa na yule dereva. Amekubali shingo upande, kwa sharti kwamba lisizidi kurasa za zamani.

Nilimwomba wifi awe wa kwanza kuijaribu mifano yote kabla haijaenda kiwandani. Nilitegemea anifungie mlango.

"Sifanyi kwa ajili yako," alisema. "Nafanya kwa ajili ya yule mtu wa teksi."

Anakaa, anaandika anachokiona, si ninachokimaanisha. Nikifungua mdomo kueleza ananikatiza: "Utakuwepo kwenye kila nyumba kueleza?" Nafunga mdomo. Sasa cha kuandika kipo ndani ya kisanduku cha kijivu, na jibu la kompyuta liko chini yake, nje ya kisanduku, limeandikwa "Kompyuta itajibu". Hakuna mstari unaozidi upana wa ukurasa. Ukizidi, nafupisha majina mpaka uenee. Onyo liko juu ya mfano. Nakala ya akiba ni sura ya pili. Kurasa zinazidi, kwa hiyo nimeufuta utangulizi wangu wote. Wifi alisema hakuna mtu aliyekuwa akiusoma.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua inapungua. Baba hajawahi kuniandikia chochote tangu siku ile; nikiingia huulaza ubao. Leo nilimpelekea chai, akaonja, akauchukua ubao, akaandika kwa herufi kubwa: "HAINA SUKARI." Nilikwenda jikoni kuchukua sukari nikakaa huko mpaka macho yakakauka.

Jumapili, 11 Mei

Jua limewaka kutwa. Wifi ametuita sote sebuleni.

Programu yake inafanya kazi. Ameiandika mwenyewe yote, na amebandika vikaratasi vya rangi juu ya vitufe. Baba alikaa mbele yake kama anayekabidhiwa gari jipya, akabonyeza cha kwanza. "Karibu." Mume wangu akajifunika uso. Cha pili: "Mafuta umeangalia?" Kikohozi nacho kipo, wifi hakukubali kukitupa. Tulipomwuliza kama anataka chai akabonyeza, "Subiri, bwana, gari si mbuzi, halitakimbia!" Tulicheka mpaka wifi akaniegemea bega, kisha akakumbuka, akajiondoa taratibu.

Plagi alibonyeza vitufe vyote. Akarudia kuanzia mwanzo. Akatazama chini ya vile vikaratasi.

"Langu liko wapi? Babu alisema Plagi. Alisema mara nyingi, mimi nilikuwepo."

"Lilifutika, mama," wifi akamjibu.

"Lilifutikaje?"

Wifi hakunitazama. Angeweza, na alikuwa na haki. Alikuwa anapanga vikaratasi ambavyo vilikuwa vimeshapangika. Nikaona yuko tayari kunifichia kosa.

Nilichuchumaa mbele ya binti yangu. "Halikufutika lenyewe. Niliandika kitabu, nikaambiwa kuna mahali pamekaa vibaya, nikapaacha. Shangazi akafuata nilivyoandika, na jina lako likaenda. Kisha nikanyamaza, ndiyo maana halikupatikana tena. Si shangazi. Ni mimi."

Alifikiri. "Na Babu hawezi kulisema tena?"

"Hawezi."

Plagi alikwenda akasimama kando ya babu yake. Baba aliweka kiganja kichwani pake, na kwa mkono wa pili akatafuta, akasita, akatafuta tena, akabonyeza kile kilichokuwa karibu zaidi na alichotaka.

"Subiri, bwana..."

"Mimi si bwana," Plagi akasema, akaanza kulia. Nilinyoosha mikono nimchukue, lakini alikuwa ameshalishika shati la babu yake kwa mikono yote miwili, na hakuliachia.